Mke Wangu Yuko Foleni Nyuma ya Wombati

Kwako Shangazi Beryl,

Nimesoma ukurasa wako gazetini tangu ulipomwambia yule bwana wa Queanbeyan aache kumpigia mama mkwe wake tarumbeta, na sikuwahi kudhani siku moja na mimi nitashika kalamu, lakini yamenifika shingoni, mke wangu anaondoka Jumamosi, kwa hiyo nakuomba univumilie hata nikizunguka, maana Glenys mwenyewe anasema mimi nikiulizwa kama mvua inanyesha naanzia mawinguni.

Naitwa Neville, nina miaka hamsini na minane, nilikuwa fundi wa mabasi hapa Canberra kwa miaka thelathini mpaka mgongo uliponigomea miaka mitatu iliyopita, wakanipa keki na saa ya ukutani wakanitakia mema. Wiki ya pili ya kukaa nyumbani nilikuwa nimeshapanga upya kabati la vyombo mara tatu, Glenys akaniambia, "Nev, toka nje kabla sijakupanga wewe," nikatoka, nikatembea kando ya ziwa, mvua ikanikuta mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi, nikaingia kutafuta choo, Shangazi, choo tu, lakini mlango niliousukuma haukuwa wa choo. Ndani walikaa majaji saba wanamsikiliza wakili akieleza kwa upole kwa nini mashua iliyofungwa magurudumu si gari, na jaji mmoja akamuuliza, "Na breki zikikataa mlimani?" Wakili hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo. Nilikaa mpaka chakula cha mchana, na choo nikakisahau.

Tangu hapo siku za vikao nipo safu ya pili kiti cha pembeni, na pembeni yangu wako Noreen, mjane aliyefundisha hesabu miaka arobaini, na Clive aliyekuwa na duka la samaki, na kila kesi tunabashiri nani atashinda na majaji wangapi watapinga wenzao, na anayebashiri vizuri kuliko wote hupewa kombe la mwaka, ambalo ni kifuniko cha choo ambacho Clive alikipaka rangi ya dhahabu. Mwaka huu kiko sebuleni kwangu. Glenys amekitandikia kitambaa. Na nisikufiche, nikichelewa dakika mbili mhudumu wa mlangoni ananiambia, "Leo kulikoni, Nev?" na tangu nitoke kwenye mabasi hakuna mtu mwingine aliyewahi kugundua kwamba nimechelewa.

Sasa mazoea yana tabu. Pale mahakamani ukiingia unawainamia majaji na ukitoka unawainamia, basi nikajikuta naliinamia jiko kila ninapotoka na chai yangu, Glenys akadhani ni mgongo, akanichua kwa dawa wiki nzima na mimi nikanyamaza kwa sababu ilinisaidia. Halafu wale wanaoomba ruhusa rufaa zao zisikilizwe hupewa dakika ishirini kila upande, nikaona ni utaratibu mzuri kwa nyumba yenye watu wawili, nikaanza kuiweka mezani ile saa ya kuchemshia mayai kila tunapotofautiana, na siku Glenys aliponieleza habari za bomba linalovuja saa ikalia katikati ya sentensi, nikamshukuru kwa hoja zake nikamwomba akae. Bomba linavuja mpaka leo.

Nije kwenye wombati, yule mnyama wetu mnene anayechimba mashimo. Mwezi wa nne iliingia kesi ya mzee mmoja wa Queensland aliyejenga wombati wa zege kando ya barabara kuu, mkubwa kama kituo cha mafuta, wa kuvutia wasafiri, kisha akamtoboa mlango upande wa nyuma akahamia ndani na kitanda chake na televisheni. Halmashauri inasema hilo ni jengo na halina kibali. Mzee anasema ni sanamu, na mtu ana haki ya kulala ndani ya sanamu yake. Siku mbili majaji waliuliza mambo ambayo sikuwahi kuyawaza maishani, kwa mfano kama mnyama asiye na choo ni nyumba, na mwisho wakasema yale maneno yao ambayo mimi nayapenda kuliko nyimbo, "Mahakama itautafakari uamuzi wake," wakainuka, sote tukainama.

Wiki hiyohiyo binti yetu Rhiannon, aliyeolewa Hobart, kule kisiwani Tasmania, alijifungua mapacha. Nyumba ya mkabala na kwake ilikuwa tupu, mwenye nyumba yuko tayari kutusubiri, na Glenys akakaa mbele yangu mezani, saa ya mayai akaificha mfukoni, akaniuliza, "Nev, tunahamia Hobart au hatuhamii?" Nikawaza vizuri sana, Shangazi, nikaona hoja za pande zote zina uzito, nikamwambia, "Mahakama itautafakari uamuzi wake."

Siku hiyo alicheka. Kesho yake akauliza tena, akacheka kidogo. Mwezi wa sita hakucheka. Mwezi wa nane alikuja kufuta vumbi chumbani kwangu, akasoma ile orodha yangu ukutani ya kesi zinazosubiri hukumu, akajikuta namba kumi na nne, chini ya kodi ya pamba, imeandikwa kwa penseli "Glenys dhidi ya Neville." Akaniambia, "Kumi na nne?" Nikamweleza kwamba zimepangwa kwa tarehe za kusikilizwa na si kwa umuhimu. Akaondoka na kitambaa chake cha vumbi, na vumbi akaliacha.

Sasa ni mwezi wa kumi. Juzi nimekuta karatasi mbili kwenye friji. Moja ameiandika kwa mkono, juu imeandikwa "Hoja za Mwombaji," na hoja ziko mbili tu: ya kwanza, mapacha wameanza kukaa wenyewe, ya pili, amechoka. Karatasi nyingine ni tiketi ya feri ya Tasmania, Jumamosi hii, gari moja, abiria mmoja ambaye ni yeye, na mbwa wetu Crumpet, chumba cha vitanda viwili, nadhani hapo wamekosea kuandika. Mimi simo. Mbwa yumo.

Na jana asubuhi, Shangazi, nikiwa bado nimesimama mbele ya hiyo friji, ikaja taarifa ya mahakama kwamba hukumu ya wombati itasomwa Jumatano. Jumatano inayofuata hiyo Jumamosi. Siku nne. Nimemsubiri wombati miezi sita, na nimebashiri atashinda kwa majaji wanne dhidi ya watatu, jambo ambalo hakuna mwingine aliyethubutu.

Nikawauliza wenzangu. Clive akasema, "Usiende, mzee. Ukiondoka kabla ya hukumu unapoteza kombe, ndivyo tulivyokubaliana."

Noreen akamwambia, "Clive, wewe umeachwa mara ngapi?"

"Mbili. Lakini si kwa sababu ya mahakama."

"Ya pili ilikuwa kwa sababu ya chaza," akasema Noreen, kisha akanigeukia mimi. "Neville, hukumu wanaitoa ikiwa imeandikwa. Utaisoma Hobart umekalia ndoo, hata kabla viti vyenu havijafika."

Najua. Lakini kuisoma si sawa na kuwapo. Basi ombi langu ni dogo: mwandikie Glenys, wewe anakuheshimu, umwombe aahirishe mpaka Jumatano saa nne na nusu asubuhi, baada ya hapo naahidi faili lake nitalileta juu ya mengine yote.

Ni mimi,
Neville, mshika kombe

*

Neville,

Simwandikii mtu. Mke ni wako na jikoni ni hatua sita kutoka unapokaa. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa nimeacha.

Kwanza tusidanganyane. Na mimi nilishawahi kukaa safu hizo. Nazijua hukumu zinavyosomwa: majaji wanaingia, mmoja anasoma kwamba rufaa imekubaliwa au imekataliwa, wanainuka, mnainama. Dakika tatu, na kama kuna mwenye kikohozi, nne. Unataka niombe mwanamke aliyesubiri nusu mwaka asubiri tena ili wewe ukauinamie mlango wa kutokea.

Majaji wakichelewa, Neville, ni kwa sababu wanasoma, wanaandika, wanabishana, na mwisho wanaweka jina chini ya walichoamua ili taifa zima liwaone. Wewe umeandika nini miezi sita? Namba kumi na nne, kwa penseli. Umeyachukua maneno yao na kazi yao ukawaachia. Glenys alikuuliza swali la ndiyo au hapana, na kila asubuhi uliyonyamaza alilazimika kuamka na kulijibu yeye peke yake. Sishangai kwamba amechoka. Nashangaa bado anakufulia.

Haya, nimeshakugombeza, sasa nikuonee huruma kidogo, maana umeificha sababu yako katikati ya kifuniko cha choo na dawa ya kuchua ukidhani sitaiona. Huogopi kumkosa wombati. Unaogopa Hobart hakuna mtu wa mlangoni wa kukuuliza kulikoni. Miaka thelathini mji mzima ulikuwa unafika kazini kwa sababu ya mikono yako, siku moja wakakupa keki, na kiti cha safu ya pili ndicho kilichokurudishia jina. Hilo si la kuchekwa. Mwambie Glenys hivyo hivyo kama ulivyoniambia mimi, kwa sababu nina hakika hajui. Anadhani ameshindwa na mnyama wa zege.

Kisha nikuambie kitu kuhusu watoto wa miezi sita, wa kwangu wamenifundisha: ukichelewa dakika mbili wanagundua. Wawili kwa pamoja, kwa sauti.

Sasa soma vizuri, kwa sababu wewe unayesoma kurasa themanini za mabishano kuhusu makalio ya wombati umeshindwa kusoma karatasi moja ya friji. Chumba cha vitanda viwili. Unadhani wamekosea. Feri nimeshaipanda, Neville, na mbwa wetu alisafiria chini na magari, ndani ya kizimba chake. Hakuna mbwa anayepewa kitanda. Kuna vyumba vya kulala peke yako, na kuna hata viti, kwa mtu anayesafiri mwenyewe. Mwanamke ambaye amekwisha kuamua kwamba hakutaki hachukui chumba cha wawili. Glenys ameacha jina lako wazi na kitanda chako amekilipia, halafu akaibandika tiketi mahali pekee ndani ya nyumba unapopita mara ishirini kwa siku. Hajakuacha. Amekusubiri kwa njia unayoielewa, kwa maandishi, na wewe ukaona kosa la karani.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, gazeti likiwa bado mkononi. Ing'oe orodha ukutani. Chukua spana utengeneze lile bomba, maana bila shaka fundi wa mabasi anaweza. Piga simu kwenye feri uongeze abiria wa pili, na upige kabla hujaongea na Glenys, ili utakapokwenda kwake uwe na jibu na si nia. Kombe mpelekee Noreen, yeye ndiye mwenye akili kati yenu watatu, na umwombe Jumatano akupigie simu kutoka kwenye ngazi za mahakama akuambie mzee wa Queensland atalala wapi. Utaipokea Hobart ukiwa na mtoto mmoja kila goti. Ukishinda nne kwa tatu mtapiga kelele watatu, na wawili hawatajua sababu.

Halafu nenda kwa Glenys, useme, "Tunahama." Neno moja. Asikwambie mtu kwamba linahitaji maelezo. Saa ya mayai iache kabatini. Akitaka kusema kwa dakika ishirini, asikilizwe. Akitaka kusema mpaka Jumamosi, asikilizwe mpaka Jumamosi, na wewe usimwombe akae.

Kuinama nakukataza jikoni na kokote kwingine, isipokuwa mara moja tu. Jumamosi asubuhi, mizigo ikiwa imeingia na Crumpet amekaa nyuma, Glenys akikufungulia mlango wa mbele wa gari, hapo inama. Inama chini kabisa, kadiri mgongo utakavyoruhusu, ndipo uingie ukae kiti chako.

Shangazi Beryl