Mchubuko wa Kidoleni

Dada yangu wa pekee,

Huku hatujambo. Mwanao meno ya mbele yamemng'oka, sasa ni kibogoyo kama babu.

Dukani ninapofanya kazi, samaki wa mapambo wametoka vidonda. Hakuna kati yetu anayejua ugonjwa wao. Mteja akiuliza, bosi katufundisha kujibu, "Wamechoka na safari tu."

Dada, wewe ni muuguzi, niambie ukweli. Niliosha tangi lao nikiwa na mchubuko kidoleni. Sasa nina kidonda kama chao, hakiponi, na vinundu vinapanda mkononi. Nilipomwonyesha bosi, alitazama pembeni: "Umechoka tu."

Naogopa. Usimwambie Mama. Mwanao namwogesha kwa mkono mmoja. Anadhani ni mchezo, naye mkono wake mmoja anauficha mgongoni.

Mdogo wako, mwoga kama unavyomjua