Nyuso za Zambarau na Ahadi ya Babu

Morogoro, Jumatatu, 9 Machi 2026

Shikamoo Shangazi Semeni. Naomba msaada wako, na ninaahidi kukueleza kila kitu, hata yanayonitia aibu, kwa sababu anayeomba ushauri kwa nusu hupewa nusu.

Mimi ni Jesca, nipo kidato cha tatu, naishi Mafiga kwa mjomba Wilfred, na mwisho wa wiki hupanda Mgeta kwa babu yangu Alois, ambaye ni katekista wa kigango chetu kwa miaka thelathini na mmoja, na Kwaresima ilipoanza nilimpelekea filamu ya Mateso ya Bwana kwenye flashi, nikaichomeka kwenye kisanduku cha kuchezea filamu kilichounganishwa na televisheni, na Ijumaa ile baada ya Njia ya Msalaba majirani wote wakaja kutazama, lakini picha ilipotokea, watu wa kwenye filamu waliokaa kivulini walikuwa na nyuso za zambarau na waliosimama juani walikuwa kijani kama mchicha.

Nilitaka kuzima. Babu akanishika mkono, akatazama, kisha akasema taratibu, "Ni Kwaresima. Hata televisheni imevaa zambarau."

Bibi Theresia akauliza mbona Pilato ni kijani. Babu akamjibu, "Huyo hafungi."

Basi habari za muujiza zikasambaa milimani. Ijumaa ya pili walikuja watu wa vitongoji viwili, wengine na viti vyao, na mzee Halidi, jirani yetu Mwislamu aliye kwenye mfungo wa Ramadhani, alikuja baada ya kufuturu, akaona kile kijani, rangi ya msikitini kwao, akasema anashukuru kwamba na wao hawakusahauliwa. Mama Happiness alirudisha jembe aliloazima tangu mwaka juzi. Ijumaa ya tatu babu akasimama mbele ya wote akatangaza kwamba siku ya Pasaka zambarau itaondoka na rangi zitarudi safi, na zisiporudi yeye ataacha ukatekista. Padri ameahidi kuja kushuhudia.

Na mimi najua ukweli. Mjomba Wilfred alinieleza kwamba faili lile limenyofolewa kwenye diski ya HDR, yaani yenye rangi pana zilizokusudiwa televisheni mpya, na kisanduku chetu hakijui kuzisoma, hivyo kinazipaka kinavyojua chenyewe. Kwenye kompyuta yake faili hilohilo linaonyesha ngozi za kawaida na Pilato ni mtu kama watu. Ameniwekea kwenye flashi nyingine nakala ya rangi za kawaida, ambayo kisanduku chetu kinaiweza, nami nimeificha ndani ya daftari la fizikia. Nikiibadilisha kimyakimya alfajiri ya Pasaka, babu atabaki na heshima yake, lakini itasimama juu ya uongo wangu; nikisema mbele za watu, atavunjika; nikinyamaza, ataacha kazi anayoipenda kuliko hata kabichi zake. Nampenda sana babu. Naomba unijibu katika toleo lijalo la gazeti, shangazi: je, muujiza ukiandaliwa na mjukuu kwa nia njema, ni dhambi?

Jesca

*

Marahaba, Jesca. Ndiyo, ni dhambi, tena ya kuchosha, maana mwakani watataka mwingine.

Nakupa pole, halafu nakugombeza. Umekaa na ukweli ndani ya daftari huku watu wazima wakirudisha majembe. Jembe libaki huko lilikorudi, lakini wewe ulipaswa kusema mapema. Na filamu yenyewe mmeinakili bila kuilipia. Mateso ya Bwana, mwanangu, ya wizi! Hilo mkaungame, wewe na mjomba wako.

Sasa sikiliza. Babu hakusema uongo. Aliona zambarau akaisoma kwa elimu aliyonayo, kama kisanduku chenu. Jumamosi hii panda Mgeta, mfuate kwenye matuta ya kabichi akiwa peke yake, mwamkie, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi. Kisha mrudi nyumbani, mpe yeye rimoti, acheze nakala moja na nyingine, aone kwa macho yake.

Halafu muulize: kila Pasaka, nani huondoa kitambaa cha zambarau altareni na kutandika cheupe? Ni yeye, miaka thelathini na mmoja, waumini wanajua ni mkono wake, na hakuna aliyewahi kudai kwamba amedanganywa. Basi Ijumaa inayofuata awaambie watu kwamba kilikuwa kisanduku, na siku ya Pasaka abadilishe flashi mbele yao wote, padri akiwepo, kama anavyobadilisha kitambaa. Nakala hiyo iwe ya kununua. Ahadi yake itakuwa imetimia, na ukatekista abaki nao.

Ila mzee Halidi aambiwe kwanza, nyumbani kwake, na babu mwenyewe. Huyo ndiye atakayepoteza rangi yake.