Viroboto Walioshiba

Tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika barua hii kwa sababu moja: kampuni imekubali ombi langu, na fundi wetu mkuu atakuja kwako Jumatano, tarehe 21, kuangamiza viroboto. Nilisimama mbele ya meneja mwenyewe nikalitetea ombi hilo kwa hoja tatu. Akasema hajapata kumwona mwajiriwa aliye katika majaribio akizungumza kama wakili. Nimeona nikuarifu hilo pia.

Je, hujambo? Miguu inaendeleaje? Tafadhali usiikune kwa kucha. Kidonda cha kiroboto huanza kama utani.

Kabla fundi hajafika, mashuka na mapazia yafuliwe kwa maji ya moto, uvungu wa kila kitanda ufagiliwe, na paka apelekwe kwa jirani yetu mshonaji. Nawe uwe tayari kukaa nje ya nyumba kwa saa nne. Muhimu kuliko yote, vyumba vyote viwe wazi, kikiwemo cha Kaka. Paka alikuwa akilala juu ya godoro lile, na kwa maoni yangu ya kitaalamu chanzo kimo humo.

Mwanao mtiifu,
Kitindamimba wako

Tarehe 8 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, Profesa. Mimi sijambo, ila nacheza ngoma isiyopigwa: nakaa, naruka, nakaa, naruka. Mshonaji ananicheka. "Mama, siku hizi nyumba yako mgeni hakai, mwenyewe hukai!" Nikamwambia acheke polepole, kiroboto hajui ukuta wa jirani.

Mashuka nimefua. Lakini chumba cha kaka yako tukiache, mwanangu. Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke, na funguo zote mbili kaondoka nazo, ya kufuli la ukumbini na ya mlango wa kutokea uani. Unajua alivyoondoka. Alitaka hati ya nyumba akaiuze, nikamwambia haimo humu, akanishika mkono hadi ukateguka. Kisha akasema atarudi siku nitakapokuwa nimechoka kumkatalia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi sitaki kumsema. Ila mlango ule usifunguliwe.

Ni mimi,
Mama yako

Tarehe 13 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ngoma imepungua kasi. Barua yako nimeisoma kwa uzito unaostahili, na kwa heshima zote naomba kutofautiana nawe.

Kiroboto mchanga hujifungia ndani ya kifuko, akakaa kimya miezi kadhaa bila kula. Akihisi mtikisiko wa hatua na joto la mwili, hutoka papo hapo. Chumba kilichofungwa ni ghala la njaa, Mama. Tukikiacha, mashuka umeyafua bure.

Fundi atakata kufuli la ukumbini na kuweka jipya, na ufunguo utakuwa wako peke yako. Atavaa soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini juu ya suruali. Hicho ndicho kipimo chetu. Chumbani kwa Kaka zitageuka nyeusi kwa viroboto wembamba, wenye njaa. Usishtuke.

Hati ninayo mimi, mahali salama. Hilo usiliweke moyoni.

Mwanao mtiifu,
Kitindamimba wako

Tarehe 22 Machi

Profesa wangu,

Hujambo, mama? Mimi mzima, na leo nina la kukucheka.

Fundi alikuja saa tatu kamili, jitu nene, pole, bomba la dawa mgongoni kama limebeba mtoto. Sebuleni akatembea hatua kumi, akainama, akahesabu kumi na wanne kwenye soksi moja. "Mama," akasema, "mimi nimeitwa kuua wadudu, sikuambiwa kuna mkutano wa hadhara."

Nikakubali kufuli likatwe. Aliingia chumbani kwa kaka yako, akakanyagakanyaga kama askari wa gwaride. Mimi mlangoni, gauni nimelikunja. Soksi zikabaki nyeupe! Watatu tu. Nikapiga makofi. "Profesa wangu leo kakosea!"

Fundi hakucheka. Alimwokota mmoja, akamponda kwa ukucha wa dole gumba. Damu, mwanangu. Nyekundu.

"Mama, nani analala humu?"

"Hakuna. Mwezi wa tano sasa."

"Paka anaingia?"

"Apitie wapi? Dirisha lina wavu."

Akalibonyeza godoro. Akapitisha kidole juu ya kitasa cha mlango wa uani, akakitazama kidole chake muda mrefu. "Haya," akasema. Akapuliza dawa nyumba nzima, akaweka kufuli jipya, akaniambia nisipige deki wiki mbili na kufuli lile nisilifungue kwa yeyote. Akaondoka. Hata chai hakuigusa.

Nadhani alichoka. Ila dawa yenu kiboko, leo nimekaa kitako tangu asubuhi.

Ni mimi,
Mama yako

Tarehe 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Niwie radhi, leo salamu ni fupi. Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wetu.

Fundi ameniletea taarifa yake. Viroboto wa chumba kilichofungwa miezi mitano wanapaswa kuwa wengi na wenye njaa. Wale walikuwa wachache na wameshiba, na damu waliyokuwa nayo ilikuwa mbichi, haijamaliza hata siku. Godoro limebonyea katikati. Kitasa cha mlango wa uani hakina vumbi.

Mama, kuna mtu analala chumbani kwa Kaka, na anaingilia uani. Wewe unajua ni nani aliyeondoka na ufunguo ule.

Hukunicheka bure, nilikosea. Nilikuandaa kwa ajili ya chumba kitupu. Toka humo sasa hivi. Nenda kwa mshonaji, usibebe kitu, usimuage mtu. Kufuli la ukumbini haliwezi kumzuia mtu mzima. Mpe dereva jibu, hata neno moja.

Mwanao,
Kitindamimba

Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Mimi sijambo. Dereva wako aliambiwa mlangoni kwamba nimelala, ndiyo maana hukupata jibu.

Kaka yako amerudi. Amebadilika. Ananipikia, anapokea wageni badala yangu, ananifungulia barua. Anasema viroboto wamekwisha, basi fundi asirudi. Kwa mshonaji siendi siku hizi, hata paka bado yuko huko.

Anasema uje na hati, na uje peke yako.

Usiujali mwandiko. Mkono ule umeanza kuniuma tena.

Mama yako

Tarehe 6 Aprili

Mama, na Kaka unayemfungulia barua,

Shikamooni nyote. Ninaandika kuwaarifu utaratibu wa kampuni, ambao sina mamlaka ya kuubadilisha.

Viroboto hawajakwisha. Vifuko havifi kwa dawa, na waliomo ndani yake watatoka wiki hii. Nyumba itapulizwa mara ya pili. Tutakuja na gari la kampuni, fundi mkuu pamoja na wanaume watano. Mshonaji na majirani wa pande zote wameshapewa taarifa ya maandishi, nao watakuwa nje wakitazama.

Kaka, hati nitakuja nayo. Nitaikabidhi mkononi mwa Mama, si mwa mwingine, akiwa amesimama nje ya geti kwa miguu yake, na mikono yake yote miwili naiona. Mimi sitaingia ndani, wala hapatapulizwa tone la dawa kabla hajatoka. Asipotoka, sitaondoka pale, na hao nitakaokuja nao hawataondoka.

Mama, huna haja ya kufua chochote. Huna haja ya kunijibu. Vaa viatu tu.

Jumatano, tarehe 11 Aprili, saa tatu kamili asubuhi, getini.

Kitindamimba wenu