Furukombe Hakuhitaji Pasipoti

Ustaz Opio,

Nakuandikia nikiwa studio, kwenye kiti chako chenye mguu mmoja mfupi, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nimefuta vumbi kwenye kompyuta. Ni miezi minne tangu tukusindikize Gulu ukalale kwa baba zako. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kukuambia ila machozi, na wewe hukuyapenda. Leo nina habari. Ndege ameingia hotelini.

Hoteli ile ya mtaa wa Thongpiny, iliyokataa picha zako mara mbili. Unamkumbuka meneja, yule mama Mkenya, alivyokuambia kwa upole: "Picha nzuri, mzee, lakini imelegea, haina ukali." Ulirudi hapa studio, Munuki, ukanywa chai hadi ikaisha, ndipo ukasema: "Mimi nakasirika. Lakini mama ile iko na macho."

Basi majuzi akanipigia. Ukuta wa mapokezi umepakwa rangi upya, anataka ndege wa Mto Nile, picha ya mita moja na nusu. Mmoja tu. Nikasema kalas, basi, hii ni zamu ya Ustaz. Nikamtoa furukombe wako, yule tai wa kichwa cheupe uliyempiga picha karibu na bandari ya mto, wiki mbili kabla homa haijakuangusha. Nilitaka jina lako likae kwenye ukuta ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika kazi hii.

Siku ile wewe ulishika kamera yako ndogo, mimi nikashika ile ndefu, yenye pua inayotoka. Tulikuwa tumezilinganisha wiki nzima kwa mtindo wako: mwewe yuleyule, juu ya nguzo ileile, kamera moja kisha nyingine, halafu tunakuza picha zote mbili sawasawa na kuangalia jicho tu. Namba za kwenye boksi hukutaka hata kuzisikia. Kuna zoom ya kioo cha lenzi, ulinifundisha, na kuna zoom ya uongo, pale kioo kinapofika mwisho na kamera inaanza kuvuta picha yenyewe kama unga wa chapati. Kioo cha ndogo kiliisha mapema. Ndefu ilishinda wazi. Lakini ukanisukumia mimi: "Chukua hii. Mimi nikiinua hii mdomo mrefu, askari wa bandari ataniona kabla ya ndege. Wewe utaongea na yeye." Nikaongea kweli, kwa Kiswahili changu cha Eldoret ulichokuwa ukikicheka, mpaka askari akaturudishia kibali chetu cha kupiga picha na kutuonyesha mti ambao ndege anapenda kutua.

Alipotua, ulisahau yote uliyonifundisha. Ukavuta, ukavuta, ukakipita kioo ukaingia kwenye uongo. Nilikuona nikanyamaza, maana ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike.

Kwa hiyo asubuhi nzima nilikaa hapa nikiinoa picha yako kwenye kompyuta. Nikanoa manyoya, nikanoa mdomo, nikanoa jicho. Halafu mikono ikaenda kwa mazoea ya picha za pasipoti tunazopiga hapa kila siku, Ustaz. Ikasafisha anga nyuma yake likawa jeupe pe, ikamsawazisha mabega. Nilipochapa karatasi ya majaribio, mstari mweupe ulikuwa umemzunguka kichwa, utadhani amekatwa kwa mkasi akabandikwa. Nikakusikia kabisa, vile ulivyonicheka mwaka wangu wa kwanza nilipoharibu picha ya korongo: "Keji, huyu ndege naenda wapi? Iko na viza?"

Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, malesh, unisamehe. Kisu cha chuma kinanoleka. Cha bati utakinoa mpaka kiishe.

Nikairudisha ilivyokuwa, nikaipeleka hivyohivyo. Yule mama akaitazama muda mrefu. "Huyu mzee alimpenda huyu ndege," akasema. Kisha: "Lakini bado imelegea. Huna nyingine?"

Nilikuwa nayo. Siku ileile, ndege yuleyule, kutoka kamera ndefu, iko kwenye flashi mfukoni. Hujawahi kuiona. Nilikuambia zangu zote zilitikisika, na nilikudanganya; nilikuona ukiifurahia yako nikaona heri ufurahie. Pale mbele ya meza yake mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema sina. Halafu nikafikiria ungenifanya nini kama ungesikia nimeacha ukuta mtupu kwa ajili ya heshima yako. Ungenifukuza studio.

Nikampa. Akawaita wahudumu waje waone. Nilikuwa nimenoa kidogo tu, jicho na makucha, nikaacha. Ukisogea karibu unauona mto ndani ya jicho lile.

Sasa iko ukutani. Chini wameandika jina langu na la studio yako. Jana nilipita nikijifanya namsubiri mtu, nikakaa nikamtazama mpaka mhudumu akaniuliza kama nimeshahudumiwa. Ninajivuna, Ustaz, sitaki kukuficha. Picha yangu ni nzuri kuliko yako. Nimekupita. Na macho ya kuiona tofauti hiyo umenipa wewe mwenyewe, kwa hiyo usininunie.

Lala salama, mwalimu wangu. Ya kwako nimeitundika hapa studio, mahali ambapo kila anayekuja kupiga pasipoti lazima aitazame. Ninakuahidi jambo moja: sitainoa tena, wala sitamruhusu mtu ainoe. Ukungu ule ni furaha yako iliyokufanya ukipite kioo, na mimi nilikuwa pembeni yako nikiiona.

Keji