Dawa za Jioni

Wamunyu, 3 Februari 2025

Mutheu mwanangu,

Sisi hapa tunakusalimu sote. Tumbo lako limepona pale ulipokatwa? Mimi niko hai, kama mlivyotaka. Mwaka mzima tangu unipe kipande cha ini lako, na kanisani wananiita muujiza. Hakuna anayeuliza huo muujiza unalala vipi! Nina kikombe cha peke yangu. Nasalimiwa kwa mbali kama mwizi, eti nisiambukizwe ugonjwa. Na hizi dawa za kuzuia mwili usilikatae ini zinanitetemesha mikono. Juzi nilichonga twiga wa mti, nikamkata shingo. Kuishi ni kupumua tu?

Baba yako, Masila

Syokimau, 9 Februari

Baba mpendwa,

Nimefurahi kusikia unagomba, maana yake una nguvu. Mimi nimepona; kovu huniwasha nikicheka tu. Mwambie daktari habari ya mikono, apunguze dawa yeye. Yeye, si wewe. Twiga wasubiri.

Binti yako

Wamunyu, 20 Aprili

Mutheu,

Habari za kazi? Huku mvua imeshika. Nimechonga twiga wanne! Mwanzia wa karakana ananiita fundi tena. Najua utauliza, basi ukweli ni huu: dawa za asubuhi nameza, za jioni naacha. Hii ni wiki ya tano. Nimechoka kuomba ruhusa ya kuwa mtu, na mwili ni wangu. Ngozi inawasha kidogo, nadhani ni jasho.

Baba yako

Syokimau, 22 Aprili

Baba,

Salamu leo sina. Jasho? Kuwashwa hivyo ndiyo dalili tuliyoambiwa tuogope! Mwili ni wako, sawa, lakini hilo ini lilitoka kwangu, na mimi sikatwi mara ya pili. Sina lingine, Baba. Simu zangu hushiki, kwa hivyo jirani yenu Levi anakuletea barua hii mkononi. Nenda hospitali. Nakuomba.

Mwanao

Machakos, 23 Aprili

Mutheu wangu,

Hujambo? Levi alisimama mlangoni mpaka nikamaliza kusoma, kisha akasema, "Mzee, vaa viatu." Niko kwa benchi la hospitali. Nimewaambia yote, wakanitoa damu saa tatu. Mama yako anasema macho yangu ni ya manjano. Nimembishia kwamba ni rangi ya hizi kuta. Daktari amechungulia mara mbili, akanitazama, akarudi ndani. Nilikuwa na maneno makali ya kukujibu, unanijua. Yameisha yote.

Sasa ametoka tena. Hajaniita mimi. Amemwita mama yako.

Baba