Mpaka Uliopita Kijitoni

Kijiji cha Ujamaa cha Ulaya,
Kilosa.
9 Novemba 1975

Mpendwa mpwa wangu Filipo,

Shikamoo uliyoniletea katika barua yako ya Septemba nimeipokea, marahaba. Natumaini huko Bukoba u mzima, na kifua hakikusumbui tena. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ni mzito. Naona simu ya maandishi niliyokupelekea haikukufikia. Keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mama yako, dada yangu Bibiana, ametutoka. Tulimzika Jumatano iliyopita.

Unajua kwamba mwaka jana tulihamia kijiji hiki kipya, tukaacha mahame yetu ng'ambo ya kijito, pamoja na kaburi la baba yako. Mwaka huu mpaka wa jimbo la uchaguzi nao ukapitishwa katika kijito hicho hicho. Nilimweleza mama yako, wala hakukubali. Kwake yeye, mtu hupiga kura alikozika.

Siku ya uchaguzi akavuka peke yake. Alikuwa ametutania kwamba atampigia mgombea mwenye alama ya nyumba, si mwenye alama ya jembe, kwa kuwa jembe amelichoka. Karani akamwambia, "Mama, jina lako liko jimbo la pili. Rudi ng'ambo." Akamjibu, "Mume wangu Lukasi yuko hapa. Mimi nimehama jimbo lini bila yeye?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kupalilia kaburi, mvua ikamnyeshea huko hadi jioni. Homa ya mapafu haikumwacha.

Aliomba alazwe karibu na baba yako. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Urbanus, akakataa: "Makaburi mapya tunayo hapa. Kule ni jimbo la wengine." Nikamjibu mbele ya wafiwa, "Bwana Mwenyekiti, mpaka ule ni wa kura. Bibiana hapigi kura tena." Akashika jembe, akatangulia kuvuka.

Msalaba hatujausimamisha. Kwetu kazi hiyo ni ya mtoto wa kwanza, nami sitaruhusu mwingine aifanye. Omba ruhusa kazini, uje.

Mke wangu Lea anakusalimu, na mdogo wako Siwema pia, ambaye bado hali chakula vizuri. Mungu akushike mkono njiani.

Ukifika, usianzie kwangu. Pitiliza hadi kijitoni, uvuke. Mama yako anakungoja upande ule.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, niliaye pamoja nawe,
Cleopa