Nyumba Niliyoiruka

Dorota, aliyeniambia haya ninayokuandikia ni Ludwika, mjukuu wa jirani yetu Stefania, leo asubuhi tulipotoka misa.

Supu ya kabichi iko jikoni, ipashe moto. Babu yako mpe dawa, hata akiapa ameshakunywa.

Unajua picha ya Mama Maria hulala usiku mmoja kila nyumba, kisha mwenye nyumba huipeleka kwa jirani anayefuata. Mwaka jana baada yetu ilikuwa zamu ya Stefania. Mimi, kwa sababu kuku wake walichakura miche yangu ya vitunguu, nilimruka nikaipeleka nyumba ya mbele. Ludwika kaniambia, "Bibi alitandika kitambaa cheupe, akawasha mshumaa, akangoja mpaka akapitiwa na usingizi kitini." Wala Stefania hakunisema kwa mtu.

Jana picha ililala kwetu tena. Wiki nzima namwomba Mungu anionyeshe la kufanya, kumbe orodha ya zamu iko mlangoni mwa kanisa, jina la Stefania chini ya langu. Haya, cheka. Mungu akisema wazi hivyo, sisi wazee ndio hatusikii.

~~Mwambie mama yako aipeleke yeye.~~ Hapana, nimeibeba mwenyewe. Nitamwomba radhi kabla ya rozari. Akitaka kunigombeza, nitakaa nigombezwe. Moyo wangu unaniambia atafungua.

Msinisubiri. Nitarudi Stefania akishalala, kitandani safari hii, si kitini.

Bibi yako